Claude Nicollier: aliyesomea nyota akaenda kuitengeneza darubini

Tarehe 4 Desemba 1993, karibu kilomita 600 juu ya ardhi, mwanamume mmoja wa Uswisi alikuwa kwenye dirisha la nyuma la chombo cha anga Endeavour, mikono yake yote miwili kwenye vishikio. Cha kushoto kinausogeza mkono wa roboti mbele na nyuma, juu na chini. Cha kulia kinauzungusha. Nje, mita kumi hivi kutoka pale alipo, inaelea darubini ya Hubble, ndefu mita 13, nzito tani 11, imevikwa ngozi inayong'aa kama fedha. Mkono wa roboti una urefu wa mita 15, na kwenye ncha yake kuna kitu kama mtungi ulio wazi, ndani ya mdomo wake nyaya tatu. Ubavuni mwa darubini kuna kipini cha chuma. Anachotakiwa kufanya ni kuusogeza mtungi ule taratibu mpaka kipini kiingie ndani, kisha abonyeze. Nyaya zijisokote, zikikabe kipini, zikivute. Akikigonga kabla nyaya hazijafunga, darubini itaanza kwenda zake, na hakuna breki huko juu ya kuisimamisha.

Nyaya zikafunga. Darubini iliyogharimu zaidi ya dola bilioni moja, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa imeitia aibu sayansi ya nchi mbili tatu kwa mpigo, ikashikwa kama kifaranga mkononi na kushushwa polepole kwenye kitako chake ndani ya Endeavour. Sasa mafundi wangeweza kuanza kazi.

Mtu huyo ni Claude Nicollier. Shahada yake ya uzamili ni ya fizikia ya nyota. Ukisoma wasifu wake utaona ameandikwa "mwanasayansi na mwanaanga", na hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Tunafikiri mwanasayansi akipelekwa angani anakwenda kufanya utafiti wake mwenyewe, kama mtu aendaye maabara, ila maabara yenyewe iko mbali. Kazi ya Nicollier haikuwa hivyo hata kidogo. Katika safari zake nne hakwenda kuzitazama nyota kwa niaba yake. Alikwenda kubeba, kushika, kufungua na kufunga vyombo ambavyo watu wengine wangevitumia, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya sayansi inayosimuliwa kidogo kuliko zote.

Rubani aliyependa nyota

Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1944 huko Vevey, mji mdogo kando ya Ziwa Geneva. Alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Lausanne akamaliza 1970, kisha akaenda Geneva kusomea fizikia ya nyota, akapata shahada ya uzamili 1975. Miaka hiyohiyo alikuwa akirusha ndege. Jeshi la Uswisi kwa sehemu kubwa ni la raia: mtu ana kazi yake ya kila siku, na kwa zamu anaitwa kambini. Nicollier alikuwa rubani wa ndege za kivita tangu 1966, na katikati ya miaka ya 1970 akaajiriwa pia kuendesha DC-9 za shirika la ndege la Swissair.

Mwishoni mwa 1976 alihamia Noordwijk, Uholanzi, kwenye kituo cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA. Huko alijiunga na watafiti wanaochunguza mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka kwenye nyota na mawingu ya vumbi. Mionzi hiyo ina adui mmoja mkubwa, nao ni mvuke wa maji ulio hewani, unaoimeza kabla haijafika chini. Kwa hiyo wataalamu wale walikuwa wanaipakia darubini kwenye ndege, wanapanda juu ya sehemu kubwa ya mvuke, na kutazamia huko. Kwa mtu aliyekuwa rubani na mwanaastronomia kwa pamoja, kazi hiyo ilimkaa kama kanzu aliyoshonewa.

Tatizo hilo la hewa kumeza mionzi ni moja ya sababu kubwa za kurusha darubini angani, na historia yake imepita kwetu pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kutazama anga kwa mionzi ya eksirei peke yake. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Mwanasayansi aliyeongoza mradi ule, Riccardo Giacconi, ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Baltimore, Marekani, inayosimamia utafiti wa Hubble. Alikuwa kwenye kiti hicho siku ilipobainika kwamba Hubble haioni vizuri. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake ya eksirei.

Ulaya isiyo na roketi ya watu

Tuondoe kwanza dhana moja. ESA si idara ya Umoja wa Ulaya. Ilianzishwa 1975 na nchi 10, na Uswisi, ambayo mpaka leo haimo kwenye Umoja wa Ulaya, ni miongoni mwa hizo. Nchi ndogo isiyo na bahari iliingia tangu siku ya kwanza, na haikuingia mikono mitupu: wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bern ndio waliotengeneza karatasi ya alumini ambayo Buzz Aldrin aliisimamisha kwenye Mwezi 1969 ili inase chembe zinazopeperushwa na Jua. Aliisimamisha kabla hata ya bendera ya Marekani.

Lakini ESA haikuwa na chombo cha kupeleka mtu angani. Ilichofanya ni kubadilishana. Ulaya ilijenga Spacelab, maabara inayotoshea ndani ya tumbo la Space Shuttle, chombo cha Marekani kinachopaa kama roketi na kutua kama ndege. Kwa malipo ya maabara hiyo, Ulaya ikapewa nafasi ya mtu wake kwenye safari ya kwanza. Mwaka 1978 ESA ikachagua watu watatu: Mjerumani Ulf Merbold, Mholanzi Wubbo Ockels, na Nicollier.

Hapa inabidi tutofautishe vyeo viwili, maana bila hivyo maisha ya Nicollier hayaeleweki. Kwenye Space Shuttle kulikuwa na wataalamu wa shehena na wataalamu wa safari. Mtaalamu wa shehena alikuwa kama mgeni mwalikwa. Anaujua mtambo fulani wa utafiti, anafundishwa namna ya kuishi chomboni na kujiokoa, anapanda, anafanya majaribio yake, anarudi chuoni kwake. Merbold alikwenda hivyo Novemba 1983, akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuruka kwenye chombo cha Marekani. Ockels naye alikwenda hivyo 1985.

Mtaalamu wa safari ni mwenyeji. Ni mfanyakazi wa kudumu wa chombo: anaiendesha mitambo yake, anauongoza mkono wa roboti, anavaa suti na kutoka nje. Mafunzo yake yanachukua miaka, na baada ya mafunzo hana uhakika wa kupaa. NASA, shirika la anga la Marekani, ilikubali kuwachukua watu wawili wa ESA kwenye darasa lake la wanaanga la 1980 kule Houston. Ockels baadaye alirudi kwenye njia ya wataalamu wa shehena. Nicollier akabaki, na ndiye mtu wa kwanza wa ESA aliyefika mwisho wa njia hiyo.

Ikaja ngojangoja. Alipangiwa safari ya kuchunguza Dunia iliyokuwa iondoke 1986. Tarehe 28 Januari mwaka huo Challenger, mojawapo ya Space Shuttle, ikalipuka ikiwa na watu saba, vyombo vyote vikasimamishwa, na safari yake ikafutwa. Hakukaa bure. Alikuwa akizikagua programu za kompyuta za chombo, akashiriki kubuni namna ya kuivuta setilaiti iliyofungwa kamba, na mwaka 1988 akaenda Boscombe Down, Uingereza, kwenye chuo cha marubani wa majaribio, akahitimu Desemba. Alichaguliwa akiwa na miaka 33. Alipopaa mara ya kwanza kwa chombo cha Atlantis, tarehe 31 Julai 1992, alikuwa na miaka 47. Miaka kumi na minne ya kujifunza kazi ambayo hujaifanya! Nikisoma vijana wakiulizana njia ya mkato ya kuwa mwanaanga, huwa nataka kuwaonyesha tarehe hizo mbili.

Kioo kilichosuguliwa vizuri kwa kipimo kibovu

Sasa turudi kwenye Hubble, kwa sababu ndiyo iliyompa Nicollier nafasi yake kwenye historia.

Darubini hiyo ilirushwa Aprili 1990. Moyo wake ni kioo cha upana wa mita 2.4, kilichobonyea kama sahani. Miale yote inayokipiga, ya katikati na ya pembezoni, inatakiwa irudi na kukutana mahali pamoja. Juni ya mwaka huo wataalamu waligundua kwamba haikutani. Pembezoni kioo kilikuwa kimelala zaidi ya kilivyotakiwa kwa kiasi cha sehemu mbili kwa elfu za milimita, yaani milimita 0.002. Unywele wa mtu ni mnene mara hamsini kuliko kosa hilo. Lakini kwa mwanga ni kosa kubwa sana: nyota ambayo ilipaswa kukusanya asilimia 70 ya mwanga wake kwenye nukta ndogo katikati ya picha ilikuwa inakusanya 15 tu, na uliobaki umetapakaa kuizunguka kama ukungu.

Kosa lilitoka wapi? Fundi anaposugua kioo cha aina hii hutumia kifaa cha macho kinachomwonyesha kama umbo limefika. Ndani ya kifaa hicho lenzi moja ilikuwa imewekwa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Kioo kikasuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu kufuata kipimo kibovu. Linaloniuma zaidi ni kwamba vifaa vingine viwili, vya kawaida zaidi, vilionyesha kuna kasoro. Wakaviona si sahihi kama kile kikuu, wakaviacha.

Kwa bahati njema, kwa kuwa kioo kilisuguliwa vizuri, kosa lake lilikuwa safi na linapimika. Walijua hasa kimekosea kiasi gani, basi wangeweza kutengeneza vioo vidogo vyenye kosa kama hilo lakini kinyume chake, na makosa mawili yangefutana. Kamera mpya kuu ilijengwa ikiwa na marekebisho hayo ndani yake. Kwa mitambo mingine ikatengenezwa COSTAR, sanduku kubwa kama kibanda cha simu, lenye vioo kumi vya ukubwa wa sarafu vilivyokaa kwenye vijiti vinavyojikunjua na kujisogeza mbele ya kila mtambo. Watu waliiita miwani ya Hubble. Ili ipate pa kukaa, mtambo mmoja mzima wa kupimia mwanga ulibidi uondolewe na kurudishwa chini. Kuna wanasayansi walioupoteza mtambo wa maisha yao siku hiyo ili wenzao waone.

Usiku tano

Kwenye Endeavour walikuwa saba: kamanda Richard Covey, rubani Kenneth Bowersox, na wanne wa kutoka nje, Story Musgrave, Jeffrey Hoffman, Kathryn Thornton na Tom Akers. Wa saba, Nicollier, alikuwa wa ndani. Yeye ndiye aliyeushika mkono wa roboti.

Mtu anaweza kudhani aliye ndani ana kazi nyepesi. Fikiria basi fundi umeme aliye juu ya ngazi, na ngazi yenyewe imeshikwa na mwenzake wa chini ambaye kila akitikisika na fundi anatikisika. Mara nyingi mmoja wa wale wa nje alisimama kwenye ncha ya mkono, miguu imefungwa, amekumbatia mzigo. Na mzigo huko juu una udanganyifu wake. Watu husema angani hakuna mvutano wa Dunia, upo. Kwenye kimo cha Hubble mvutano ni zaidi ya asilimia 80 ya huu wa ardhini. Vitu vinaelea kwa sababu chombo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja wakati huohuo vinakimbia mbele kwa kasi ya kilomita zaidi ya saba kwa sekunde, visiifikie ardhi kamwe. Kwa hiyo kamera ya kilo 280 haikulemei, lakini kilo zake hazijakwenda popote. Ukiisukuma inakataa kwanza, na ikishaanza kwenda inakataa kusimama. Anayeuongoza mkono lazima aanze polepole na asimamishe polepole, saa saba au nane mfululizo, akisikiliza sauti kwenye redio: juu kidogo, kushoto kidogo, simama.

Usiku wa kwanza Musgrave na Hoffman walibadilisha jairoskopu, yaani magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi na kuiambia darubini inaelekea wapi. Walipomaliza, milango ya chumba kile ikakataa kufungwa. Vitasa havikukutana. Yeyote aliyewahi kuhangaika na mlango wa kabati uliopinda anaijua hali hiyo, ila hawa walikuwa wamevaa glavu zilizojaa hewa, kila kukunja kidole ni kama kufinya mpira wa tenisi. Walichofanya hatimaye ni kile ambacho fundi yeyote wa mtaani angefanya: wakatafuta mkanda wa kukaza. Musgrave akajishikiza chini, Hoffman akiwa juu kwenye mkono wa roboti, wakauvuta mkanda mpaka milango ikakaribiana na vitasa vikaingia.

Usiku wa pili ulikuwa wa paneli za sola. Zilikuwa zimetengenezwa Ulaya, na zilikuwa na ugonjwa wake: kila darubini ilipotoka gizani kuingia juani, karibu kila dakika 97, fremu zilipata joto ghafla, zikatanuka na kutikisika, na darubini nzima ikatetemeka nazo. Mojawapo ilikuwa imepinda mpaka haikuweza kukunjwa irudi nyumbani. Thornton alisimama kwenye ncha ya mkono, ameinyanyua paneli hiyo kwa mikono yake miwili, Nicollier akamsogeza mbali na chombo, naye akaiachia. Endeavour ilipowasha injini zake ndogo kujiondoa, pumzi yake iliipiga ile paneli ikapepea, juu, chini, kama ndege mkubwa anayejikongoja kuruka. Picha hiyo ipo kwenye video, na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Usiku wa tatu ikaingia kamera, wa nne COSTAR, na wa tano kazi za kumalizia. Jumla ya saa 35 na dakika 28 nje ya chombo. Tarehe 13 Januari 1994 NASA ikaonyesha picha za kabla na baada. Galaksi M100, kundi kubwa la nyota lililo mbali sana, ambayo ilikuwa kama doa la maziwa kwenye kitambaa, sasa ilikuwa na mikono yake ya nyota inayoonekana moja moja. Desemba 1995 kamera hiyohiyo ikaelekezwa kwa siku kumi kwenye kijisehemu cha anga kinachoonekana kitupu, kidogo kama punje ya mchanga iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Zikatokea galaksi zipatazo 3,000.

Kamba iliyokatika

Safari nyingine mbili za Nicollier zilihusu wazo ambalo hata leo linanifurahisha. Baiskeli ina dainamo: waya na sumaku vikipishana, umeme unapatikana. Dunia nayo ni sumaku. Je, ukikokota waya mrefu kwenye uga wake kwa kasi ya kilomita saba na zaidi kwa sekunde, hutapata umeme? Waitaliano walitengeneza setilaiti ya mviringo ambayo ingening'inizwa kwenye chombo kwa kamba ya zaidi ya kilomita 20, nyembamba kama kamba ya kiatu, yenye nyaya za shaba ndani yake.

Mwaka 1992, kwenye Atlantis, kamba ilikwama baada ya mita 256 tu kwa sababu ya bolti moja iliyokuwa imetokeza kwenye mtambo wa kuifungulia. Februari 1996, kwenye Columbia, ilikwenda vizuri mpaka ikafika kilomita 19.7. Umeme ulipatikana, volti karibu 3,500. Kisha kamba ikakatika. Uchunguzi ulionyesha kuwa gamba lake la kuzuia umeme lilikuwa limejeruhiwa mahali fulani, umeme ukaruka hapo, ukaiunguza. Setilaiti ikaondoka na mkia wake mrefu, ikaja kuteketea angani baadaye.

Mtu anaweza kuita hizo safari mbili za hasara. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa wazo la msingi lilithibitika ndani ya saa chache zile, na pengine kwa nguvu kuliko walivyotarajia. Isitoshe, ile safari ya 1992 iliacha angani setilaiti ya ESA iitwayo EURECA, ikachukuliwa mwaka uliofuata na kurudishwa. Leo imewekwa kwenye makumbusho ya usafiri mjini Lucerne, Uswisi, nchini kwao Nicollier.

Krismasi ya 1999

Jairoskopu zikaanza kufa tena. Hubble ilikuwa na sita na ilihitaji tatu. Tarehe 13 Novemba 1999 ya nne ikasimama, na darubini ikajifunga yenyewe, ikalala ikingoja. Sababu ni ndogo mno: kila gurudumu linazunguka mara 19,200 kwa dakika ndani ya kimiminika kizito, na umeme unalifikia kwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Wakati wa kutengeneza, kimiminika kilisukumwa ndani kwa hewa ya kawaida. Oksijeni iliyokuwemo ikazila zile nyaya polepole. Kwa jairoskopu mpya wakatumia naitrojeni.

Discovery iliondoka tarehe 19 Desemba, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Kwa hofu ya kompyuta kuchanganyikiwa tarehe ikigeuka kuwa 2000, safari ilifupishwa ili kila mtu awe nyumbani kabla ya mwaka kuisha. Safari hii mkono wa roboti ulishikwa na Mfaransa Jean-François Clervoy, na Nicollier, mwenye umri wa miaka 55, akawa wa nje. Alikuwa mwanaanga wa kwanza wa ESA kutoka nje kutoka kwenye Space Shuttle.

Yeye na Michael Foale walikaa nje saa 8 na dakika 10. Walibadilisha kitambuzi cha kuielekeza darubini, kikubwa kama kinanda cha ukumbini, na wakang'oa kompyuta kuu iliyobuniwa miaka ya 1970. Mpya waliyoifunga ilikuwa na prosesa ya 486, ya ukoo uleule uliokuwa kwenye kompyuta za mezani za maofisini miaka michache nyuma. Kwa macho ya 1999 ilikuwa imeshapitwa na wakati, lakini ilikuwa na kasi mara 20 kuliko ile ya zamani, na imeshathibitishwa kuhimili mionzi ya angani. Mwanaastronomia aliyeanza kwa kubeba darubini kwenye ndege sasa alikuwa ametia mikono yake mwenyewe ndani ya darubini maarufu kuliko zote.

Baadaye

Hakupaa tena. Jumla alikuwa ametumia zaidi ya saa 1,000 angani. Aliondoka ESA 2007, akafundisha kwenye chuo cha teknolojia cha Lausanne, EPFL, somo la namna safari za angani zinavyopangwa na kuendeshwa. Alisaidia pia majaribio ya Solar Impulse, ndege ya Uswisi iliyoruka kwa nguvu za Jua pekee.

Kwa miaka mingi alikuwa Mswisi pekee aliyeitwa mwanaanga. Mwaka 2022 ESA ilipochagua kundi jipya la watu 17 kutoka kwa waombaji zaidi ya 22,500, mmoja alikuwa Mswisi wa pili, Marco Sieber, ambaye ni daktari. Katika kundi hilo yumo pia mwanaastronomia, Mwingereza Rosemary Coogan. Sharti la elimu halijabadilika sana tangu enzi za Nicollier: shahada ya uzamili ya sayansi, uhandisi au udaktari, au urubani wa majaribio, pamoja na miaka ya kazi.

Mafundi wa mwisho waliifikia Hubble Mei 2009. Waliitoa COSTAR, kwa sababu kufikia hapo kila mtambo ulikuwa na marekebisho yake ndani na miwani haikuhitajika tena. Waliitoa pia kamera ya 1993. Vyote viwili viko kwenye makumbusho ya anga mjini Washington, na bamba la nje la kamera lina vishimo vilivyopigwa na vumbi la angani kwa miaka zaidi ya 15. Space Shuttle zilistaafishwa 2011 na tangu hapo hakuna aliyekwenda tena kuitengeneza darubini ile. Kompyuta waliyoifunga Nicollier na Foale siku mbili kabla ya Krismasi iko palepale, inafanya kazi.